Bia ya Nyumbani Imeota Utando? Usiimwage Kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenzangu wanaopika bia nyumbani huja na picha. Ndoo imefunuliwa, juu kuna kitu cheupe, na chini ya picha neno moja tu: "Nimwage?" Mimi hujibu kwa maswali. Ina siku ngapi humo? Umeifunua mara ngapi? Inanukaje? Haidromita, kile kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, inasoma ngapi? Picha peke yake hainiambii mengi, na nyingi ya picha hizo ni za bia isiyo na tatizo lolote.

Nimekulia Uchagani, kwenye mbege, kwa hiyo uchachu haunitishi. Ndizi zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, zinachujwa, kisha maji yake yanachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Siku ya kwanza kinywaji ni kitamu, ya pili kina makali, na baada ya hapo hata wazee wanaanza kukunja uso. Bakteria wanaoleta ule uchachu wamo tangu mwanzo, na hakuna anayepiga kelele kwamba mbege imeingiliwa. Bia ya shayiri ninayopika sasa huku Uingereza ina masharti yake: ni hamira moja tu iliyoalikwa, na mwingine yeyote ni mdoeaji. Lakini wadoeaji wenyewe mara nyingi ni ndugu wa walewale wa kwenye mbege. Bia kuharibika ladha ni jambo moja, bia kuwa sumu ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo anza kwa kuondoa hofu za bure. Povu zito lenye madoa ya kahawia siku mbili tatu za mwanzo ni hamira na hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, achana nalo. Vipande vyeupe vinavyoelea kama mabaki ya mkate mara nyingi ni hamira iliyoshikana. Harufu ya yai bovu hutokea sana kwa hamira za lager, yaani bia zinazochachushwa kwenye baridi, na huisha yenyewe. Harufu ya tofaa bichi ni bia changa. Ladha ya siagi nayo huenda ni hamira haijamaliza kazi; isogeze mahali penye joto la nyuzi 18 hadi 21 kwa siku chache, kisha onja tena. Na ukisikia harufu ya plasta za hospitalini, kabla hujalaumu bakteria angalia maji yako ya bomba yana klorini kiasi gani, au kama jiki uliyosafishia ilisuuzwa vizuri.

Utando wa kweli huujui mpaka uuone. Ni mwembamba, mweupe, mara nyingine umekunjamana, mara nyingine una mapovu makubwa yaliyovikwa ngozi. Hutengenezwa na hamira za mwituni au bakteria pale hewa inapopata njia, na ndiyo maana ndoo inayofunuliwa kila jioni "kuangalia tu" ndiyo inayoota. Utando haudhuru, ila unakupa habari kwamba kuna mwingine humo ndani. Vuta kidogo kutoka chini yake, nusa, onja. Ikiwa chachu kwa namna inayopendeza, iache. Niliwahi kuiacha bia ya ngano ya namna hiyo miezi kadhaa, na wageni waliinywa ikaisha kabla ya ile niliyoipika kwa uangalifu wote. Ikiwa ni siki kali, hewa imeingia na pombe yenyewe inaliwa. Hairudi tena kuwa bia. Ikivutika kama mlenda, kuna bakteria wanaotoa ute, na hao wakati mwingine hutulia baada ya muda mrefu. Kama una subira, haya.

Ukungu ni habari nyingine. Ukiona manyoya, au rangi ya kijani, buluu au nyeusi, mwaga. Wapo wanaoukwangua na kuendelea kunywa, mimi simo.

Kwa nini nathubutu kuonja? Bia iliyokwisha kuchachuka ina pH (kipimo cha asidi, kikiwa chini asidi ni nyingi) ya kama 4 hadi 4.5, ina pombe, ina hopsi, na vijidudu vinavyoua watu hupata taabu sana kuishi humo. Kinga hiyo haipo kwenye maji ya kimea ambayo hayajaanza kuchachuka. Hayo pH yake huwa juu ya 5, ni matamu, hayana tone la pombe. Yakikaa siku tatu nne bila hamira kuonyesha dalili, halafu yakaanza kunuka, usiyapeleke mdomoni hata kidogo.

Hatari ninayoiogopa mimi iko kwenye chupa. Hamira za mwituni hula sukari ambayo hamira yako imeishindwa, na huila polepole, wiki hata miezi, chupa ikiwa imeshazibwa. Gramu 4 za sukari kwa lita huzalisha gesi ya kama ujazo mmoja wa bia. Bia ya kawaida ina gesi ya ujazo kama 2.5. Basi haidromita ikishuka kutoka 1.012 hadi 1.008 ndani ya chupa, gesi inakaribia kuwa mara mbili, na kioo kinapasuka. Bia unayoishuku usiitie kwenye chupa mpaka kipimo kisimame palepale kwa wiki kadhaa. Kama imeshaingia, ipeleke kwenye friji, vaa glavu nene na miwani, kisha fungua chupa moja moja huku umezifunika kwa taulo. Ikiwa zimeshaanza kupasuka zenyewe, usiende kuzihesabu. Funga mlango wa stoo, na watoto wasisogee.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kupika bia vya huku havilitilii mkazo, kwa sababu kimea hununuliwa kikavu dukani. Kwetu nafaka iliyokataliwa kwenye ugali mara nyingi huishia kwenye pombe. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu waliokunywa pombe ya mahindi msibani walianza kuugua, na 75 wakafa, akiwemo mama aliyeipika. Uvumi ukaenea kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Baadaye maabara ikakuta asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na shaka ikaelekea kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Kenya nayo mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya iliwaua watu 125. Sumu hizi haziondoki kwa kuchemsha, wala pombe haiziui, na ulimi hauwezi kukuonya. Kwa hiyo ukipika busaa, komoni au mbege, kagua nafaka kabla ya kuwasha moto. Kimea cha ulezi kilichoota ukungu wakati wa kuanikwa ni cha kutupa, na mahindi yaliyonyeshewa hivyohivyo. Usimpe jirani "akapikie pombe".

Ukishaamua hatima ya bia, shughulikia vyombo. Koki ya ndoo ifungue vipandevipande. Ndani ya uzi wake wa kukazia utakuta uchafu ambao hakuna dawa inayoufikia. Sugua kwanza, ndipo uue vijidudu, maana dawa haipenyi utelezi. Jiki usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya asidi, gesi yake ni mbaya. Mpira wa kuhamishia bia ni wa bei rahisi, nunua mwingine. Ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo haitatakata tena. Yangu niliitenga kwa bia chachu peke yake, nikaiandika ubavuni kwa wino mwekundu, na ile bia iliyogeuka siki ipo kabatini kwa ajili ya kachumbari.