Barua kwa mwanangu: hiyo aurora yenu ya Tromsø

Mwanangu, salaam nyingi. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, unauliza aurora, hiyo mianga ya rangi inayotokea angani usiku huko kwenu Norwei, kwa Kiswahili tunaiitaje maana wenzako huko wanakubana, na wewe ushawaambia "taa za kaskazini". Hapana mama. Taa ni kitu unanunulia umeme wa LUKU na ukilala unazima, hicho kinachocheza angani usiku kucha anazima nani?

Neno lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ya kwanza ni alfajiri tu, Warumi walikua na mungu wa kike wa alfajiri wakimwita Aurora, kwahiyo huyo Aurora mtoto wa jirani yako anaitwa Alfajiri na hana habari. Borealis, yani ya kaskazini, ikaja kuungwa baadae ikawa aurora borealis, Galileo yule mtaalamu wa nyota wa Italia alilitumia 1619, yeye akidhani ni mwanga wa jua unamulika mvuke uliopanda juu sana. Hapo alikosea, ni chembe kutoka kwenye jua zinaongozwa na sumaku ya dunia hadi huko kwenu zinagonga hewa, oksijeni ikigongwa kilomita kama 100 juu inatoa kijani, zaidi ya 200 inatoa nyekundu.

Ila hiyo borealis ndo patamu. Inatoka kwa Boreas, upepo wa kaskazini wa Wagiriki. Na sisi watu wa Pangani kaskazini tumeitoa wapi kama sio kwenye kaskazi, ule upepo babu yako alikua anausubiri Disemba? Ya kule Antaktika wanaiita australis, toka Auster, upepo wa kusini, na sisi tuna kusi, tuna kusini. Yani mabaharia wa Kirumi na wa kwetu waliwaza kitu kimoja! Mimi naiita alfajiri ya kaskazi, ya kule chini alfajiri ya kusi.

Najua utanibishia, alfajiri gani haina jua, na nyie huko jua mnaliaga Novemba mpaka katikati ya Januari. Mbona tunayo alfajiri ya uongo? Mwezi wa Ramadhani bibi yako alikua anatutoa uani tuione, mwanga umesimama wima kama mkia, halafu unapotea giza linarudi na sisi tunarudi kwenye daku, mpaka ije ya kweli inayotanda kwa upana.

Kwenye posti zako andika aurora tu, watu watakuelewa. Ile picha ya kijani nimemuonyesha mama yako, kasema "taa nzuri hizo", nikanyamaza.

Baba yako