Je, mshtakiwa ana haki ya kupewa maelezo ya mashahidi kabla hawajatoa ushahidi?

Swali: Wakili, shikamoo. Kaka yangu yuko mahabusu kwa kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, mahakama ya wilaya hapa Urambo. Wanasema alipora bodaboda usiku kwa panga. Tulichonacho ni hati ya mashtaka tu, na wakili hatuna. Tunaweza kudai karatasi za ushahidi mapema?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mnaweza, ila si zote.

Kifungu cha 9(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania (toleo la 2022) kinamtaka hakimu ahakikishe mshtakiwa anapewa bila kuchelewa nakala ya taarifa na maelezo ya aliyeripoti polisi, ikiwa ametajwa kuwa shahidi. Kama aliyeripoti ni huyo dereva wa bodaboda aliyeporwa, kaka yako ayaombe kizimbani kabla dereva hajaapa, na ombi liandikwe kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za hakimu. Yasomeni kwa makini hasa kwenye utambuzi, yaani jinsi dereva alivyomtambua mporaji: palikuwa na mwanga gani, alimwona kwa umbali gani na kwa muda gani, alimtaja siku ile ile? Mahakama ya Rufani inayapima hayo tangu hukumu ya 1980 katika kesi ya mshtakiwa aliyeitwa Waziri Amani. Dereva akisema tofauti mahakamani, kaka amwoneshe sehemu hiyo wakati wa maswali ya dodoso (zamu ya mshtakiwa kumhoji shahidi), kisha aombe maelezo yapokelewe kama kielelezo.

Mashahidi wengine hawamo kwenye kifungu hicho, na hapa sheria yetu inaniuma. Mwenye kesi ya mauaji husomewa maelezo ya mashahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, kabla kesi haijakabidhiwa Mahakama Kuu. Kaka yako, ambaye akitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30, anaweza kumsikia mpelelezi kwa mara ya kwanza siku ya ushahidi. Tena kosa lake halina dhamana, hawezi kutoka akatafute ukweli mwenyewe. Siioni sababu ya kuitetea tofauti hiyo.

Kenya, ibara ya 50(2)(j) ya Katiba ya 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Nasi tuandike hivyo kwenye sheria yetu, kwa mahakama zote, tena waendesha mashtaka walazimike kutoa hata kinachomsaidia mshtakiwa, mathalani maelezo ya shahidi aliyemtaja mtu mwingine.

Kwa sasa, aombe na maelezo ya mashahidi waliobaki. Hata akikataliwa, ombi litabaki kwenye kumbukumbu za rufaa. Vilevile amwombe hakimu msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Afanye hivyo tarehe ijayo, asisubiri shahidi wa kwanza.