Karamu ya kuwaaga S4 na S6 (kidato cha nne na cha sita): anzeni kuhesabu kutoka saa ya kuzima taa

Karamu nyingi za kuwaaga watahiniwa wa sekondari Uganda haziharibiki kwa kukosa pesa. Huharibika saa tatu usiku, wakati nusu ya ukumbi bado iko kwenye foleni ya pilau, mgeni rasmi hajasimama kuzungumza, na metroni ameshaanza kutazama saa yake. Baada ya hapo hotuba hukatwa, dansi hubaki dakika kumi, na S6 waliochanga tangu muhula wa pili wanarudi bwenini wakinung'unika.

Kwa hiyo kamati ya S3 na S5 ikikaa kwa mara ya kwanza isianze na rangi za baluni. Ianze na saa ya mwisho, kisha irudi nyuma. Hapa nitatumia mfano wa wanafunzi 150 na walimu na wafanyakazi 20, jumla watu 170. Nyinyi ongezeni au punguzeni.

Siku na saa

UCE (mtihani wa taifa wa S4) huanza Oktoba na UACE (ule wa S6) Novemba, na muhula wa tatu huanza Septemba. Ukiondoa majuma ya mwanzo ambapo watu bado wanamalizia karo na kupanga vitanda, Septemba haibaki na nafasi. Mkuu wa taaluma naye atakataa, na atakuwa na haki. Jumamosi bora ni ile inayofuata mwisho wa moko (mtihani wa majaribio), kabla ya kufunga muhula wa pili. Watahiniwa wamechoka kusoma, walimu wako kwenye kusahihisha, na hakuna anayeweza kusema mmemnyang'anya mtu muda wa prepu (kujisomea usiku).

Jumamosi ina mtego wake. Shule zetu nyingi zina Wasabato, na kwao Sabato haijaisha mpaka jua lizame. Hapa kwetu jua huzama karibu na saa moja mwaka mzima, basi karamu ikianza saa nane mchana mmewafungia nje wenzenu bila kujua. Fungueni saa moja jioni, na msiwapangie Wasabato kazi yoyote ya mchana. Wataosha vyombo usiku, na kwa kawaida hawalalamiki.

Sasa hesabu ya kurudi nyuma. Taa zikizimwa saa tano, ukumbi uwe mtupu saa nne na nusu, maana kuna kuhesabiwa bwenini. Muziki unazimwa saa nne na robo. Ukitaka dansi ya saa moja na robo, ambayo ndiyo wanayoikumbuka, ianze saa tatu. Hotuba na zawadi ni kuanzia saa mbili na robo. Chakula kinaanza saa moja na nusu. Mna dakika 45 za kulisha watu 170, na hapo ndipo penye kazi.

Nyimbo za itifaki zinaingia katika ile nusu saa ya kwanza. Wimbo wa Taifa, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Ekitiibwa kya Buganda (wimbo wa ufalme wa Buganda) kama shule iko huko, na wimbo wa shule. Kubalianeni mapema kuimba ubeti mmoja mmoja. Wimbo wa Jumuiya ufanyiwe mazoezi, kwa sababu wengi wanajua sauti tu na maneno wanayamung'unya. Chama cha Kiswahili kikisimama mbele, aibu hiyo inapungua.

Kuna wakubwa watakaotaka hotuba zitangulie chakula. Jaribuni kuwashawishi kwa adabu. Mtu mwenye njaa hasikilizi nasaha, na pilau inayongoja hotuba tano huwa imepoa.

Jikoni

Pikeni pilau. Matooke ni chakula cha heshima, lakini kumenya mikungu ya watu 170 ni kazi ya asubuhi nzima, na yakishapoa yanakuwa magumu kwenye sahani. Pilau inavumilia kungoja kidogo ikiwa imefunikwa.

Kwa watu 170, gunia moja la mchele la kilo 25 linatosha: ni kama gramu 150 kila mmoja, kipimo cha kijana ambaye wiki nzima amekula posho (ugali) na maharage. Chukueni mchele wa Supa. Kaiso ni mzuri nyumbani, lakini punje zake ni fupi na hushikana. Kwenye sufuria kubwa unageuka uji wa rangi ya kahawia. Nyama ya ng'ombe kilo 30 na mifupa yake, ikatwe vipande vya gramu 60 hivi, mpate kama 500, yaani karibu vitatu kwa sahani. Muuza nyama akikata vikubwa zaidi, watakaokuwa nyuma ya foleni watakula mchele mtupu, basi mmoja wenu asimame pale buchani. Nyama yote iwe iliyochinjwa na Mwislamu, hata kama Waislamu kwenu ni wachache. Kupika sufuria mbili za aina mbili ni kutafuta mkanganyiko wakati wa kupakua.

Viungo: vitunguu maji kilo 6, kitunguu saumu kilo 1, tangawizi kilo 1, mafuta lita 5, binzari nyembamba gramu 300, pilipili manga 50, iliki 50, mdalasini 50, karafuu 30 tu maana zikizidi zinaleta uchungu. Chumvi nusu kilo, ionjwe kwenye supu kabla mchele haujaingia. Kampala viungo hivi mnavipata soko la Nakasero, na soko la Kalerwe vitunguu huwa nafuu.

Kosa la kwanza la jikoni ni kupika kilo zote 25 katika sufuria moja. Uzito wa juu unabana wa chini: chini inaungua, katikati inakuwa bokoboko, juu punje bado ngumu. Gaweni sufuria mbili za lita 80, kila moja kilo 12 na nusu. Kosa la pili ni maji. Nyumbani watu wanapima vikombe viwili kwa kimoja, lakini sufuria kubwa iliyofunikwa haipotezi mvuke mwingi. Lita moja na nusu ya supu kwa kilo ya mchele inatosha, yaani jerikani ya lita 20 isiyojaa kabisa kwa kila sufuria. Supu ikipungua, jazieni kwa maji ya moto. Ya baridi yanasimamisha mchemko na mchele unalowa badala ya kuiva.

Nyama ichemshwe kuanzia saa nane. Vitunguu vikaangwe polepole mpaka viwe kahawia kweli, kwa sababu rangi ya pilau inatoka hapo, haitoki kwenye binzari. Haraka ya hapa ndiyo inayoleta pilau nyeupe ambayo watu wanaiita wali wa nyama. Mchele uingie saa kumi na moja. Maji yakikauka toeni kuni, bakizeni makaa, funikeni kwa majani ya migomba na kifuniko, juu yake wekeni makaa machache. Dakika 40 bila kukoroga.

Kabla ya yote hayo, nendeni mkahesabu meko. Jiko la shule lina meko yake, na jioni hiyo hiyo S1 na S2 wanahitaji chakula. Mkisahau, mpishi atawaambia saa kumi kwamba sufuria zote mbili kubwa zina posho. Na hao wadogo wasipuuzwe. Bweni zima linanusa pilau huku wao wanapewa maharage yale yale. Migomo imeshaanza kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mwombeni mkuu wa shule wapewe wali usiku huo, hata bila nyama.

Wapishi walipwe posho ya muda wa ziada (ile ya pesa), na sahani zao zitengwe kabla ya foleni kuanza. Mpishi aliyeahidiwa makombo hupika kama mtu aliyeahidiwa makombo.

Kachumbari: nyanya kilo 10, vitunguu kilo 4. Ikatwe jioni, chumvi itiwe dakika ya mwisho, vinginevyo inaogelea katika maji yake.

Foleni

Hesabu ni rahisi na inatisha. Mtu mmoja anachukua sekunde 20 kupakuliwa. Watu 170 kwenye mstari mmoja ni karibu saa nzima. Wekeni meza mbili, kila moja ipakuliwe pande zote mbili: mna mistari minne, na kila mtu ana sahani ndani ya robo saa. Mnahitaji wapakuaji wanne wa pilau na wanne wa nyama. Nyama isiachwe watu wajichotee hata siku moja. Anayeigawa awe mwalimu au mwanafunzi wa S5 mwenye uso mgumu, asiye na rafiki wa karibu katika foleni hiyo.

Soda ziwekwe kwenye meza za kukalia kabla watu hawajaingia, zisiwe mwisho wa foleni. Kreti 8 za chupa 24 zinatoa 192, inayobaki ni akiba. Chupa za kioo ni nafuu, lakini kila iliyovunjika mtailipia, na mnahitaji vifungulio visivyopungua vinne. Friji ya kantini haitoshi. Tafuteni pipa, barafu na maji, na soda ziingie saa tisa. Maji ya kunywa yaliyochemshwa, jerikani tano.

Pesa

Mchango wa shilingi 20,000 kwa wanafunzi 150 ni 3,000,000. Kwenye karatasi toeni kwanza sehemu ya kumi, 300,000, iwe akiba isiyoguswa mpaka siku yenyewe, maana kuni au mafuta ya jenereta yatapanda na mtu atasahau sahani. Kinachobaki, zaidi ya nusu kiende kwenye chakula na vinywaji. Mapambo yakikaribia gharama ya nyama, rudini mezani.

Fedha zipokelewe na bursa (mhasibu wa shule), kwa risiti, pamoja na karo mwanzoni mwa muhula wa pili. Sanduku la chuma la bwenini si benki, hata likiwa na kufuli mbili. Kila mwaka kuna wasioweza kuchanga; mwalimu wa darasa anawajua. Apeleke orodha kwa bursa kimya kimya, na tiketi zote ziwe za rangi moja.

Mavazi ndiyo gharama isiyoonekana kwenye bajeti. Mkiruhusu suti na magauni, wengine watakodi na wengine watazunguka soko la Owino kutafuta koti, na wapo watakaosingizia ugonjwa ili wasije. Kwa maoni yangu, shati jeupe, tai na sketi au suruali nyeusi vinatosha, na picha zinapendeza zaidi.

Mengine

Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo mpiga picha ni mmoja na kila mtu anamtaka. Picha za madarasa zipigwe Ijumaa saa kumi na moja kwenye uwanja, jua bado lipo. Mkiacha zipigwe usiku chini ya taa za ukumbi, nyuso zitakuwa za kijani, na saa ya dansi italiwa na mistari ya kupiga picha.

Baluni zijazwe siku yenyewe mchana. Za Ijumaa usiku zinakuwa zimenywea, na zile zilizofungwa karibu na mabati hupasuka kwa joto. Fataki za keki zikae nje ya ukumbi, mbali na vitambaa. Keki tatu za sentimita 30 kwa 40, zikikatwa vipande vya 4 kwa 5, zinatoa 180.

Dijei apewe orodha ya nyimbo wiki moja kabla, na mwalimu azisikilize zote mpaka mwisho, maana matusi mara nyingi yako kwenye ubeti wa pili. Mlipeni nusu kabla, nusu baada. Jenereta ya kVA 5 hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa saa. Wekeni lita kumi, na iwashwe kwa majaribio asubuhi. Birika la umeme lisichomekwe kwenye waya mmoja na spika.

Zawadi za kuchekesha ziandikwe kwa uangalifu. "Mrembo" na "mtanashati" huwapa wawili furaha na kuwakumbusha mia kwamba hawakutajwa. Nawapendelea aliyepiga kengele ya alfajiri miaka miwili, au aliyewafundisha wenzake hesabu baada ya prepu. Kila jina lipitiwe na mwalimu wa kike na wa kiume. Kusainiana mashati kunaharibu sare ambazo bado zitavaliwa kwenye mtihani, basi nunueni kaunta buku (daftari nene) mbili, moja ya S4 na moja ya S6, zizunguke mezani wakati wa hotuba.

Pilau itakayobaki igawiwe usiku huo huo kwa askari wa getini na wapishi. Isiwekwe kwa ajili ya asubuhi. Wali uliokaa usiku kucha kwenye sufuria yenye joto unazalisha vijidudu vyenye sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi, na kutapika au kuhara kwa bweni zima wiki ya kufunga shule mtaulizwa nyinyi. Jumapili baada ya ibada hesabuni chupa, pangeni viti, na Jumatatu asubuhi kreti zirudi dukani kabla hazijaanza kukaliwa kama viti nyuma ya bweni.