Unauza nyumba? Kwanza mpate wa kukuandalia makaratasi

Wauzaji wengi wa nyumba hapa Tanzania Bara huanza na dalali, wakaingia kwenye bei, na makaratasi wakayakumbuka mnunuzi akiwa ameshafika na wakili wake. Wakili anauliza: hati iko wapi, pango la ardhi limelipwa hadi lini, mwenza wako ameridhia? Kila swali lisilo na jibu linashusha bei, na mawili matatu yakirundikana mteja anakwenda kutafuta nyumba nyingine. Mji wenye kuta zilizoandikwa "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli" ni mji ambao mnunuzi anaanza na wasiwasi hata kabla hajakuona. Faili lililokamilika ndilo linalomtuliza. Kwa hiyo faili liandaliwe kabla ya kutangaza, na anayeliandaa achaguliwe kwa makini kuliko hata dalali.

Kwa nyumba yenye hatimiliki, mnunuzi makini atataka kuona nakala ya hati pamoja na ramani ya kiwanja iliyoambatanishwa nayo, majibu ya upekuzi (ukaguzi wa kumbukumbu za nyumba kwenye daftari) kutoka kwa Msajili wa Hati, risiti za pango la ardhi hadi mwaka huu wa fedha, kibali cha ujenzi, ripoti ya uthamini, kitambulisho cha NIDA na TIN ya mwenye nyumba, na ridhaa ya mwenza. Fleti inahitaji hati ya sehemu yake ya jengo, chini ya sheria ya mwaka 2008. Mkataba uliosaini na mjenzi hautoshi. Leseni ya makazi, ile ya maeneo yasiyopangwa, ina muda wake, nao uangaliwe kama haujakwisha. Na kama ulichonacho ni mkataba wa kununulia ulioshuhudiwa serikali ya mtaa tu, usikubali dalali atangaze kuwa nyumba "ina hati". Barua ya mtaa inaonyesha unafahamika pale. Haimwambii mnunuzi kama eneo hilo limesajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Jambo moja linawatuliza wengi bila sababu. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo mtu anaona akinunua umeme anakatwa, anaamini hana deni la serikali. Pango la ardhi ni kitu kingine kabisa. Hulipwa kila mwaka kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa kwa kiwanja chako, na likiachwa linazaa riba. Deni la miaka minane likijitokeza wiki ya kusaini, ndiyo hayo maneno ya "nipunguzie basi bei".

Sasa, nani akuandalie? Dalali mwachie kazi ya kutafuta mnunuzi. Yeye analipwa nyumba ikiuzwa, kwa hiyo karatasi lenye tatizo kwake ni kikwazo cha kuruka, wakati kwako ni kitu cha kurekebisha. Anayekwambia "nitakumalizia kila kitu" kwa asilimia ileile ya udalali atakwenda kumpa kazi mtu usiyemjua. Mbaya zaidi ni yule anayejiita "mtu wa ndani wa ardhi". Hana ofisi, hana risiti, na siku mambo yakiharibika huna pa kumshtaki, kwa sababu mliyokubaliana mliyakubaliana kwenye simu.

Mratibu wa faili awe wakili mwenye uzoefu wa ardhi, au kampuni ya mambo ya ardhi yenye wakili, mpima na mthamini waliosajiliwa. Wakili anahuisha leseni yake kila mwaka. Ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, andika jina lake, uone kama yuko hai mwaka huu. Usione aibu kufanya hivyo. Nyaraka iliyoshuhudiwa na mtu asiye na leseni hai inaweza kuja kupingwa, na atakayehangaika ni wewe na mnunuzi wako. Mthamini naye muulize namba yake ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ripoti yake haitoshi mpaka iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo bei anayokutajia iwe imejumuisha kazi ya kuifuatilia hadi muhuri. Hapa ndipo wengi hupigwa mara mbili: wanalipia ripoti, halafu wanaambiwa idhini ni gharama nyingine.

Kipimo chetu cha kwanza cha mtoa huduma ni jinsi anavyoitenga pesa ya serikali na pesa yake. Mwombe mchanganuo wa maandishi. Ada za serikali ziwe upande mmoja, kila moja na namba yake ya malipo, na uzilipe mwenyewe kwa simu au benki. Upande wa pili iwe ada ya huduma. Anayetaka umtumie kiasi kimoja kikubwa kwenye simu yake "cha kuzungushia ofisini" mwache hapohapo, hata kama ni rafiki wa shemeji yako. Ada ya huduma ilipwe kwa hatua zinazoshikika: sehemu anapokukabidhi majibu ya upekuzi, sehemu ripoti ya uthamini ikiwa na idhini, iliyobaki faili likikamilika. Usilipe kwa miezi, lipa kwa karatasi.

Kipimo cha pili: anataka kuanza na nini? Anayejua kazi ataanza na upekuzi, ambao ofisini wengi huuita sechi, kabla ya kugusa kitu kingine. Muuzaji anajiona hahitaji, maana nyumba ni yake. Anahitaji sana. Shika karatasi ya majibu na uisome mstari kwa mstari ukiwa na hati pembeni. Namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu vifanane. Jina lilingane na NIDA herufi kwa herufi: hati ikisema "Hamis" na kitambulisho kikasema "Hamisi", itabidi kula kiapo cha majina, na ni heri ufanye hivyo sasa kuliko mezani mbele ya mnunuzi. Kisha teremka kwenye sehemu ya vizuizi, ndiko kwenye mambo.

Kinachojitokeza mara nyingi pale ni rehani ya zamani. Mkopo ulishalipwa, benki ikakurudishia hati, ukaifungia kabatini ukijua yamekwisha. Lakini kufutwa kwa rehani hakukuwahi kusajiliwa, kwa hiyo kwenye daftari la Msajili nyumba bado imefungwa. Dawa yake ni benki kutoa hati ya kuondoa rehani na hiyo kusajiliwa. Tawi likiwa limehamisha mafaili, kupata saini hiyo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Zuio lililowekwa na ndugu, mwenza wa zamani au mnunuzi wa awali nalo linaonekana hapo. Ndiyo maana tunasisitiza usipokee malipo ya awali kabla ya upekuzi. Ukishaila advansi na rehani ikaibuka, mnunuzi anadai pesa yake na wewe umeshaitumia.

Kuhusu mpima, wengi humruka kuokoa pesa. Kwa kiwanja kilichopimwa zamani tunamtaka aende na kifaa, azitafute bikoni zote, yaani alama za mipaka, na akupe karatasi fupi inayosema zipi zipo na zipi hazipo. Tatizo la kawaida ni ukuta. Hati inasema mita za mraba 600, ukuta unazungushia zaidi kwa sababu fundi alisogea kwenye hifadhi ya barabara. Ukitangaza eneo la ndani ya ukuta, umeuza usichokuwa nacho. Tangaza lililo kwenye hati.

Ridhaa ya mwenza haikwepeki. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinailinda nyumba ya familia hata kama hati ina jina moja tu. Mwenza asaini mbele ya wakili, akiwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa anachosaini. Asiye na ndoa naye aape kiapo cha kusema hivyo. Kwa nyumba ya mirathi, barua ya mahakama ya kumteua msimamizi ni mwanzo tu: msimamizi lazima kwanza asajiliwe kwa Msajili wa Hati kwa nafasi hiyo, ndipo aweze kumhamishia mnunuzi. Mtoa huduma asiyekwambia hatua hiyo hajawahi kufikisha faili la mirathi mwisho.

Muulize pia kuhusu kodi, na umsikilize vizuri. Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida ya mauzo. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi husamehewa faida isipozidi shilingi milioni 15. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi kubwa. Tuseme nyumba unayopangisha imekugharimu milioni 120, kiwanja na ujenzi, risiti zote zipo, na unaiuza milioni 150. Faida ni milioni 30, kodi ni milioni 3. Bila risiti, asilimia 3 ya milioni 150 ni milioni 4.5. Boksi la risiti za saruji, nondo na mabati lina thamani ya milioni moja na nusu hapo. Bila cheti cha TRA kuwa kodi hii imelipwa, uhamisho hausajiliwi. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa desturi hulipwa na mnunuzi, lakini mkataba useme hivyo waziwazi.

Kuna wanaojitolea "kukusaidia" kupunguza kodi kwa kuandika milioni 60 kwenye mkataba wa milioni 150. Mkatalie. Uthamini ulioidhinishwa utaonyesha bei halisi, na mnunuzi akigoma kumalizia malipo, mkataba ulioushika unadai milioni 60.

Ofisini kuna fomu tatu utakazozisikia: namba 29 ya taarifa ya uhamisho, 30 ya kuomba idhini, na 35 ya uhamisho wenyewe. Usisaini yoyote ikiwa tupu, hata kwa maneno ya "nitajaza baadaye usije mara mbili". Fomu 35 yenye saini yako na nafasi wazi ya jina la mnunuzi ni nyumba yako mikononi mwa mtu.

Na hati halisi ibaki kwako. Kwa kazi yote ya maandalizi inatosha nakala iliyothibitishwa na wakili. Siku inapohitajika kuwasilishwa, andikeni makabidhiano: namba ya hati, tarehe, nani kaipokea, inakwenda ofisi gani, saini zenu wawili, na picha ya simu ya kila ukurasa kabla haijatoka mkononi. Ikipotea utaanza na taarifa ya polisi, kisha tangazo kwenye Gazeti la Serikali, ndipo upewe nyingine, na mnunuzi wako hatasubiri hivyo vyote.