Maswali ya wasomaji: Jino la mtoto na kadi ya CHF

SWALI: Mwanangu ana miaka 8. Gego la chini limetoboka, linamuuma akinywa maji ya baridi. Tulilipa CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya kaya) shilingi 30,000 za kaya, lakini kituo cha afya wanasema wao wanang'oa tu. Majirani wanasema tung'oe, ni la utoto, litaota jingine. Nifanyeje? (Mama, Tukuyu)

JIBU: Mama, usikubali ling'olewe kabla hujajua ni jino gani. Gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka 6, nyuma kabisa ya meno ya utoto, wala halingoji jino lolote ling'oke. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto. Hesabu kuanzia jino la mbele katikati kwenda nyuma, na pengo nalo ulihesabu. Likiwa la 6, ni la kudumu. Likishang'olewa halioti tena.

Maumivu ya baridi yanayoisha baada ya sekunde chache maana yake mara nyingi kiini cha jino bado kizima, na linazibika. Likianza kumwamsha usiku lenyewe, au ufizi ukatoa kijipu, kuziba peke yake hakutoshi tena. Hapo ni tiba ya mzizi, yaani kusafisha na kuziba ndani ya mzizi wa jino, ambayo ni ghali na huenda ikahitaji kurudi zaidi ya mara moja, au kung'oa. Kwa hiyo nenda wiki hii.

Rudi kituoni uombe rufaa ya kuziba jino, iandikwe na kugongwa mhuri. CHF hufuata ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukipanda gari hadi Mbeya mjini bila barua, jiandae kulipa taslimu. Kabla ya safari hakikisha kadi haijamaliza mwaka wake na jina la mtoto limo kwenye orodha ya kaya. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukifika, anzia dirisha la bima, uliza kama kuziba kumo kwenye kitita chako cha huduma na kama kuna nyongeza ya kulipa. Uliza kabla mtoto hajakaa kwenye kiti.

SWALI: Bibi ana miaka 70, hana bima wala fedha. Shavu limevimba kwa jino. (Mjukuu, Mafinga)

JIBU: Ana homa, anameza kwa shida au mdomo haufunguki? Mpeleke hospitali leo hii, hata usiku. Dharura haingoji rufaa. Usimnunulie vidonge vya antibayotiki dukani ukadhani yameisha. Vinaweza kupunguza uvimbe, lakini chanzo cha usaha kimo ndani ya jino na uvimbe utarudi.

Kuhusu gharama, sera ya afya inatoa msamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Chukua barua kwa mtendaji wa kijiji au mtaa inayotaja umri na hali yake, uipeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla bili haijaandikwa. Kama hali ni mbaya, atibiwe kwanza. Barua ifuate kesho yake.