Una paka wengi wanakuita kichaa? Piga hesabu kwanza

Juzi dada mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza, kanitumia meseji ndefu, mumewe kamwambia achague paka au ndoa, afu akaniuliza, "Mwalimu, hivi mi ni kichaa kweli?" Dada yangu tulia, kichaa hakipimwi na macho ya jirani, piga hesabu, na hesabu ndo kazi yangu.

Fomula nimeitunga mwenyewe: K = (P × M) ÷ W. K ni kiwango cha kichaa chako, P ni idadi ya paka, M ni majina unayomwita kila paka (wangu mkubwa ni Sangara, asubuhi Sangu, akiiba mboga Mheshimiwa, akiumwa Baba), W ni idadi ya wageni wanaokutembelea kila wiki. Ukipata chini ya 5 uko sawa kabisa, ukizidi 10 lazima watu waongee.

Dada ana paka 3, majina manne manne, mgeni ni mama mkwe peke yake, kwa hiyo 12 gawa kwa 1 ni 12. Asimtoe paka hata mmoja! Apike sato Jumapili awaite majirani watatu, W inakuwa 4, jibu 3, daftari amwonyeshe shemeji.

Mi mwenyewe nilipopanga Kirumba karibu na soko la samaki la Mwaloni nilikuwa na paka 4, majina sita sita, wageni 2, yaani 12 vilevile. Mtaa mzima wananiita Mama Nyau, watoto wananifuata nyau nyau nikienda kununua dagaa, na mama mwenye nyumba akasema kodi ikiisha nihame, eti nawapikia paka wakati watu wanakosa mboga. Iliniuma na bado inauma, maana panya waliokuwa wanatoboa magunia ya dagaa ghalani kwake walimalizwa na hao hao paka na sikusikia asante. Nilipohamia Buhongwa nikaanzisha tuisheni barazani, chai na maandazi, wageni wakafika 8, na 24 gawa kwa 8 ni 3, paka wale wale. Kwa hiyo jamani ongezeni watu, ongezeni watu. Na kama W yako ni sifuri fomula inagoma, sifuri haigawi, tafuta kwanza mtu wa kuongea naye.

Ila P nayo msiiachie. Paka jike anabeba mimba kama siku 63 hadi 65, anazaa hata wanne kwa mkupuo, na binti zake wanaweza kushika mimba hawajafikisha miezi 6, hapo hujumlishi tena, unazidisha. Nenda kwa daktari wa mifugo, jike afungwe kizazi, dume ahasiwe, wote wachanjwe kichaa cha mbwa maana paka nao wanaugua na wanaambukiza watu. Ukiwapa mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, chambua nyama, mifupa iliyopikwa inawakwama kooni.

Mwezi uliopita yule mama mwenye nyumba kapiga simu, panya wamerudi ghalani, anaomba katoto ka paka. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba wangu wameshafungwa kizazi.