Dawa zilimrudishia mdogo wangu usingizi, lakini si kila kitu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo dawa za hospitali hutibu ugonjwa wa akili au humtuliza mgonjwa tu. Ninajibu nikiwa Mufindi, mkoani Iringa, ambako kwa miaka sita nimekuwa nikimpa mdogo wangu vidonge kila jioni. Kwa niliyoyaona, zinatibu, ila hazitibu yote.

Mdogo wangu, mgonjwa wa skizofrenia, alikuwa akitukanwa usiku kucha na sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Alipoanzishiwa haloperidoli, dawa ya kunyamazisha sauti hizo, siku ya tatu shingo ilimpinda, macho yakakwama juu na ulimi ukawa mzito, hata majirani wakasema jini limechukizwa na dawa. Nesi alimchoma sindano, na kabla ya saa moja kwisha shingo ilikuwa imenyooka. Baadaye ndipo tulipoelezwa kwamba dawa za kundi hili, ambalo dawa yake ya kwanza, klorpromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952, huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe katika ubongo, na kwamba dopamini hiyohiyo husaidia kuongoza misuli. Laiti tungeambiwa hayo siku ya kukabidhiwa vidonge! Naamini wagonjwa wengi huacha dawa kwa sababu ya maudhi ambayo hakuna aliyewatahadharisha nayo.

Wiki ya nne alilala hadi alfajiri, akaamka akaomba uji. Mama alilia.

Hata hivyo, sauti ziliponyamaza, hamu ya kazi haikurudi. Alikaa kibarazani akiwa amejifunika blanketi, na alipojaribu kuchuma chai vidole vilitetemeka, akawa anang'oa majani makavu pamoja na machanga. Daktari alipunguza dozi na mtetemo ukapungua. Lakini aliyemrudisha shambani ni msimamizi aliyemruhusu aanze kwa nusu siku, bila kumsimanga, kwa miezi kadhaa. Kazi hiyo hakuna kidonge kinachoifanya.

Mwaka wa pili alijiona amepona akaacha dawa kimyakimya, na haikupita miezi miwili sauti zikarudi.

Kwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, naongeza jambo moja: dawa zake huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, ilhali kukauka mdomo au kichefuchefu huweza kuanza mapema, kwa hiyo asiyejua hilo hukata tamaa wiki ya kwanza. Na kama sonona ni ndogo, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa huweza kutosha bila kidonge.

Safari ijayo ya kliniki tutauliza kama dozi inaweza kushushwa tena. Zamani nilimsemea mimi. Safari hii amesema atajieleza mwenyewe.

Msomaji, Mufindi